Kasha la Kiunoni mwa Bibi

Jumapili, 6 Julai

Bibi yangu hasikii. Sijamwambia mtu yeyote, na hata kuliandika hapa nimeliandika baada ya kufunga mlango.

Sisemi kwamba hasikii kabisa. Ukikaa mbele yake ukasema polepole anakujibu, na ukileta utani anacheka kabla hujamaliza. Lakini anasoma midomo. Niligundua likizo hii, bamvua ya mwisho, yale maji makubwa yanayokupwa mbali, kabla mwamba haujafungwa. Kijiji chetu cha Mnazi Bay hufunga mwamba kila mwaka ili pweza wakue, na hakuna anayeruhusiwa kuvua pale mpaka siku ya ufunguzi. Siku ile ya mwisho maji yalipogeuka, Bi Farida, mwenzake wa mwambani, alipiga ule ukelele wake wa kuvuta, "Majiii," na wanawake wote wakanyanyua ndoo. Bibi aliendelea kuinama, anachokoa shimo kwa chuma chake. Nilimwita. Nikamwita tena nikiwa karibu kuliko nilivyo karibu na dirisha hili. Hakugeuka mpaka nilipomshika bega, naye akashtuka kama aliyeumwa na kitu.

Kati ya mwamba na ufukwe kuna mfereji, na mfereji ndio unaojaa kwanza. Tulipoufikia maji yalinifika kifuani. Bibi aliwaambia wenzake kwamba kuna pweza mkubwa alimchelewesha. Halafu akanitazama, nami nikanyamaza.

Mjomba Fikirini, ninayekaa kwake Shangani wakati wa shule, tangu mwaka jana anasema Bibi ahamie mjini. Akilijua hili hatangoja. Bibi atakalishwa sebuleni mbele ya televisheni asiyoisikia, naye ni mtu anayeota mwamba hata akisinzia mchana. Ufunguzi ni tarehe 9 Septemba. Lazima nifikirie kitu.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Tumefagia.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo na naandika haraka, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya.

Wakati wa chai ya jioni simu ya Mjomba ilikuwa mezani, imezimwa sauti. Taarifa ya habari ilikuwa juu. Simu ikaanza kutetemeka mpaka kijiko kikacheza kwenye kikombe. Mjomba alikuwa ameegemea meza, akaihisi kwa kiwiko, akaichukua. Hakusikia chochote. Alihisi tu.

Basi: mti wa kuchomekwa pembeni mwa mfereji. Maji yakifika alama, mti unatuma ujumbe kwa redio. Kiunoni mwa Bibi kuna kasha dogo, nalo linatetemeka. Hahitaji masikio.

Nimesoma sura yote ya mawimbi katika kitabu cha fizikia bila kuambiwa na mwalimu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepita mbele ya karakana ya Neusa mara tatu kabla ya kuingia. Iko nyuma ya soko. Ana printa ya plastiki, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na watu humletea vitu vilivyovunjika ambavyo havina spea: jino la blenda, kitasa cha friji, shingo ya feni. Amezaliwa hapa mjini, ila wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Palma.

Nilimwamkia, kisha sauti ikapotea. Nikampa karatasi yangu ya mchoro.

Aliisoma akiwa amesimama. "Hii umechora wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Na hili kasha, mbona kubwa hivi? Unamfunga bibi yako friji kiunoni?"

Nikasema sijui ukubwa wa vitu vya ndani. Akacheka, akanivuta kiti. Alinipa boksi la dawa ya meno, mkasi na gundi. "Usiniombe printa leo. Kata karatasi kwanza. Karatasi ikikataa, hujapoteza kitu. Sisi hapa tunafanya haraka, tunaharibu haraka, tunafanya tena."

Chini ya dari yake kuna kamba ndefu, na kwenye kamba vinaning'inia vitu vilivyoshindikana: vifuniko vilivyopinda, gia zisizo na meno, nusu ya kitu kama kiatu. Nilidhani ni takataka. "Hao ni mababu," alisema Neusa. "Kila kitu kinachofanya kazi kina mababu zake. Kisicho na babu sikiamini."

Nimerudi nyumbani nikikimbia mpaka Shangani. Mimi sikimbii kwa kawaida.

Jumatatu, 14 Julai

Kasha la karatasi, la tatu. Linakaa vizuri mkononi. Mwalimu wa Kiswahili ameniuliza kwa nini natabasamu katikati ya ufahamu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo printa imechapa kasha langu la kwanza la plastiki. Nilikaa mbele yake muda wote kama mtu anayesubiri mkate. Kwanza ni mstari, halafu ukuta wa unene wa kucha, halafu tundu la skrubu linatokea pahali pale pale ulipolichora, na huamini kwamba wewe ndiye uliyesema liwe pale. Uzi ulikuwa wa rangi ya chungwa, ndio uliokuwepo.

Neusa ana jaribio lake la maji. Unaweka tishu kavu ndani ya kasha, unafunga, unalizamisha kwenye ndoo na jiwe juu, unakwenda kunywa chai. Ukirudi, tishu ndiyo inayotoa hukumu.

Tishu yangu ilikuwa uji.

"Babu wa kwanza," alisema Neusa, akanipa kalamu niandike tarehe. Nimelitundika mwenyewe. Sikuhuzunika hata kidogo, jambo ambalo limenishangaza.

Jumatano, 23 Julai

Umeme umekatika kasha likiwa nusu. Sasa nina bakuli la chumvi.

Jumamosi, 26 Julai

Maji yanapita kati ya tabaka na tabaka, si kwenye mfuniko kama nilivyodhani. Tumeongeza unene wa ukuta, tumechapa polepole zaidi na kwa joto zaidi. Kwenye mfuniko nimechora mfereji mwembamba wa kulaza oringi, ile pete ya mpira ya mabomba ya maji. Neusa alinionyesha kubana skrubu kwa zamu, hii halafu ya upande wa pili, ili mpira ulale sawa.

Tishu ilitoka na unyevu kidogo pembeni. Tulipiga makofi kwa sababu ya unyevu kidogo.

Jumapili, 3 Agosti

Jana Mjomba aliniruhusu kwenda kijijini. Nilikuwa na bodi mbili ndogo za kielektroniki zinazoongea kwa redio, mota ya mtetemo niliyoitoa kwenye simu mbovu ya Neusa, na kasha lenye tishu kavu kabisa. Kavu kama ilivyotoka dukani. Nimeihifadhi ile tishu.

Tatizo lilikuwa Bibi. Hatujawahi kulisema lile jambo. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka, nikakaa mbele yake ili anione mdomo, nikaanza kueleza kuhusu maji na mfereji, nikazungukazunguka mpaka nikapotea. Mwishowe nikamfunga kasha kiunoni chini ya kanga, nikaenda nyuma ya jiko na mti, nikagusanisha nyaya.

Nilisikia kicheko. Nikarudi mbio.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "kidude chako kinanitekenya. Mume wetu marehemu hakuwahi kunitekenya hivi."

Halafu akaacha kucheka. "Nani kakwambia sisikii?"

"Hakuna, Bibi."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Hakuna."

Akarudi kwenye ukili wake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kikaze kidogo. Nikiinama kinashuka."

Jumamosi, 9 Agosti

Bamvua. Wazee wa kamati ya mwamba wametukubalia kujaribu mti, mradi tusiguse kitu. Pembeni mwa mti nimefunga kipande cha bomba, na ndani ya bomba boya dogo. Maji yakipanda, boya linapanda linagusa swichi ya kasha la pili, lile la mti. Leo limefanya kazi mara mbili. Bibi alikuwa mbali, mgongo umenigeukia, na nilipoona anainua mkono juu, ishara tuliyokubaliana, nilipiga kelele peke yangu. Tumeliacha bomba palepale lilale na maji, tumeondoka na makasha yote mawili.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nilirudisha kasha la pili kwenye mti, Bibi akaenda kusimama mwambani. Maji yakageuka. Yakafika alama. Yakapita alama. Bibi hakuinua mkono. Nikagonga swichi, nikatikisa nyaya, hakuna kitu. Ilibidi nimpungie kanga ndipo akatoka.

Tuling'oa mti tukaupeleka ufukweni. Bi Farida na wenzake walikuwa wamekuja kutazama. Nikainamisha bomba. Kwanza likatoka jicho. Kisha mkono mmoja, wa pili, halafu pweza mzima wa kadiri ya kiganja, akiwa amelikumbatia boya langu kama mtoto na mdoli.

Nimekulia mwambani. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ukiacha kopo, chupa au kiatu mwambani, kesho kina mwenyewe. Nami nimepeleka bomba, nimelisimamisha vizuri, nimeliacha lilale.

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye maji. "Kamjengea nyumba. Ina na mlango."

"Tena ya umeme," alisema Bi Farida akinionyesha kidole. "Sie hapa tunalalia koroboi, pweza wa Hamisa kawekewa betri."

"Na mwamba umefungwa," akasema mwingine, "hata kumla hatuwezi. Mrudishe mpangaji wako, binti."

Nimemrudisha. Alinitapikia wino.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikula mchana. Si kwa huzuni. Nawaza.

Jumatano, 13 Agosti

Leo kwenye maabara mwalimu wa kemia alitumbukiza nyaya mbili kwenye maji ya bomba, taa haikuwaka. Akamwaga chumvi, taa ikawaka. Wenzangu walinakili. Mimi nilisimama. Mwalimu akaniuliza kama nataka kutoka nje, nikasema hapana, nikakaa.

Skrubu mbili. Skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu zinazochungulia nje ya kasha la mti lililofungwa kabisa. Maji ya bahari yenyewe ndiyo swichi. Hakuna boya, hakuna bomba, hakuna tundu. Pweza aje atafute nyumba kwenye kitu kisicho na mlango.

Jumamosi, 16 Agosti

Neusa alipoona mchoro aliweka chini chai yake. "Umeondoa vitu," alisema. "Watu wote huongeza. Wewe umeondoa."

Tumechapa mchana kutwa. Kuzungushia skrubu tumetumia gundi ya kuchanganya. Tishu kavu. Mababu wamekuwa saba, na mmoja ana alama ya wino wa pweza ambayo Neusa amekataza isifutwe.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeharibu kila kitu, na nimekiharibu kwa furaha yangu mwenyewe.

Mjomba alirudi kutoka kazini bandarini akaliona kasha juu ya kitabu changu. Aliuliza ni nini. Mimi ambaye mezani huwa sisemi hata "nipe chumvi", nikaanza. Nikamweleza mti, skrubu, redio, mota. Nikamwekea kasha kiganjani likatetemeka. Mjomba alikuwa anafurahi kweli. Aliligeuza akitazama oringi, akasema, "Mjomba wangu, wewe utakuwa injinia," kwa sababu na sisi huitana mjomba kwa mjomba.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini kwa nini litetemeke? Si ungeweka king'ora kwenye mti? King'ora kimoja wangesikia wote."

Nilifungua mdomo. Swali lilikuwa zuri. Ni swali ambalo Neusa angeuliza. Nikatafuta jibu la uongo, sikulipata, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Mama hasikii," alisema.

Niliangalia kasha kiganjani mwake.

"Tangu lini?"

"Sijui, Mjomba. Mimi nimejua bamvua ya mwezi wa sita."

"Ukanyamaza." Aliliweka kasha mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Jumapili nakwenda kumchukua."

Jumatano, 20 Agosti

Sitaki kuandika.

Alhamisi, 21 Agosti

Zamani nilidhani Mjomba anataka kumnyang'anya Bibi mwamba. Leo asubuhi nilimkuta jikoni anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi, anaendelea kukiosha. Anaogopa. Ni hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi kwenye mfereji, ila yeye ameipata yote siku moja.

Nimemsubiri amalize kikombe. Nikamwambia jambo moja, nilikuwa nimelifanyia mazoezi chumbani: kwamba Jumapili ni bamvua, na kabla hajamchukua Bibi, yeye mwenyewe aingie mwambani na kasha kiunoni na pamba masikioni.

Aliweka kikombe chini. "Hujawahi kuniomba kitu," alisema.

Jumapili, 24 Agosti

Tulifika na gari la kukodi, na Bibi alielewa alipoliona tu. Mjomba alianza kumweleza kuhusu chumba kilichoandaliwa. Bibi akaendelea kuosha mihogo.

"Mama, nasema nawe."

"Si mmesema sisikii? Basi sikusikia."

Mjomba akajikuta anacheka, na ndipo akavua viatu. Nilimfunga kasha kwa kanga ya Bibi, kwa kuwa mkanda wake wa suruali ulikuwa mgumu. Wanawake wa ufukweni walimpigia vigelegele. Akajaza pamba masikioni akaenda, mrefu na mwangalifu, mpaka akawa mdogo kule mwambani, mgongo ameipa nchi kavu.

Maji yakagusa skrubu za kasha la mti. Mjomba akaruka kama aliyekanyaga samaki wa miiba, akageuka, akaanza kuja. Alipovuka mfereji maji yalimfika magotini tu.

Alitoa pamba. Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Linafanya kazi," alisema, na nilitaka kuruka, lakini hakuwa amemaliza. "Betri ikiisha je? Mti ukianguka? Atakuwa kule anasubiri mtetemo ambao hauji, na anauamini. Si ni hatari kuliko kutokuwa nalo?"

Niliutazama mti. Bibi alikuwa anatufuata midomo.

Tulikaa. Na nikiwa nimekaa nikakumbuka jinsi wanawake wanavyofanya wakiwa mwambani. Hawasubiri maji. Kila baada ya kitambo mmoja anaita, "Uko?" na kila mtu anajibu, "Niko." Asiyejibu anafuatwa. Hawaogopi ukelele, wanaogopa kimya. Bibi mwenyewe aliniambia leo kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiangalia vichwa vya wenzake, akiona vimeinuka naye anainua chuma kuonyesha kwamba yuko.

Kasha langu lilikuwa linafanya kinyume. Lilikuwa kimya wakati wa usalama.

"Litakuwa linamwita," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mti utamwita kila kitambo, mtetemo mdogo, uko, uko. Maji yakija mti utaacha kumwita. Betri ikiisha utaacha. Ukianguka utaacha. Akikosa mwito, anatoka. Hasubiri kitu."

Mjomba alitazama bahari. "Siku ya ufunguzi nitakuwa hapa," alisema. "Kidude hiki kikikosea, mama anapanda gari na mimi, na hakuna utani wa mihogo."

Bibi akasema, "Hilo nimelisikia."

Jumamosi, 30 Agosti

Likizo fupi imeanza. Niko kwa Neusa tangu asubuhi. Mabadiliko ni mistari michache tu ya maelekezo kwenye bodi, lakini mwito ukiwa mkubwa unachosha na ukiwa mdogo haupiti kwenye kanga. Neusa amelivaa akifagia, akikaanga, akigombana na mteja. "Uko," anasema kila likimtekenya, na mteja hamwelewi.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua kidogo ya upepo. Tishu kavu.

Jumanne, 9 Septemba

Ufunguzi.

Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Mzee wa kamati alisoma dua, akashusha bendera, na wanawake wakaingia majini kama watoto waliofunguliwa darasa. Bibi alikuwa mbele. Nilizamisha kasha la mti kwanza kulijaribu, nikachomeka mti pembeni mwa mfereji, nikakaa karibu nao. Mjomba alisimama nyuma yangu, funguo za gari mkononi.

Nilimwona Bibi akitoa wa kwanza, akitoa wa pili. Halafu akapiga magoti kwenye shimo moja, akazama bega zima, na hata kwa mbali nilijua kwamba ni mkubwa. Chuma kilikuwa kinapinda.

Mara akasimama tuli. Akaweka kiganja kiunoni.

Nilitazama maji. Yalikuwa mbali na alama. Yalikuwa bado yanakupwa. Nikatazama taa ndogo ya kijani tuliyoiweka kwenye kasha la mti, ilikuwa imezimika. Nikabonyeza, haikuwaka.  Kasha la mti limekufa, wakati mwamba umejaa pweza, wakati Mjomba ananitazama.

Bibi alikuwa bado amesimama juu ya shimo lake. Angeweza kubaki. Bahari ilikuwa kavu mbele ya macho yake, na kila mwenzake ameinama. Nilimwona anatazama shimo. Kisha akachukua ndoo, akageuka, akaanza kutembea kuja kwetu, polepole, yeye peke yake katika mwamba wote.

"Mwanahawa," Bi Farida alimwita, akipunga mkono, "unakwenda wapi? Pweza wamekutisha?"

Bibi aliuona mkono. Akasimama, akasema kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyejisikia: "Sisikii, Farida. Mwaka wa pili huu. Nimeambiwa nitoke, natoka."

Wanawake waliokuwa karibu waliinuka. Hakuna aliyecheka. Bibi akavuka mfereji, maji yakiwa chini ya magoti, akaweka ndoo mbele ya mwanawe.

Mjomba aliniuliza, "Kimeharibika?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa hiyo kimekosea."

Nilikuwa na machozi, lakini nilimjibu. "Kimeharibika, hakikukosea. Kimekufa, na yeye ametoka."

Mjomba aliutazama mfereji, ambao mtoto mdogo angeuvuka. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anautazama mwamba kwa uchungu wa waziwazi.

"Ameacha pweza mkubwa," alisema Mjomba.

"Mkubwa sana," Bibi alisema. "Usinikumbushe."

Mjomba akatia funguo mfukoni. Akainama, akanyanyua ndoo, akamuuliza mama yake bamvua nyingine ni lini.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nimerudi mjini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Neusa na kasha la mti. Tuliondoa skrubu kwa zamu. Ndani kulikuwa na kijiko kimoja cha maji ya chumvi na betri yenye kutu ya kijani. Juu ya oringi nilikuta uzi mmoja wa kanga, mwembamba kama unywele, umelala kukatiza mpira. Nililifunga kasha jana nikiwa nimelipakata juu ya kanga yangu.

Nimeandika tarehe juu ya kasha na kulitundika kwenye kamba. Kisha nimechora mfuniko mpya wenye ukingo unaopita nje ya mpira, ili kisiweze kuingia kitu. Bi Farida aliniomba na yeye nimtengenezee, akasema masikio yake ni mazima ila uzee hauombi ruhusa. Nimechapa mifuniko miwili.